Usahihi wa Habari za Safari: Mfano wa Wilaya za Mbulu na Hanang

Utangulizi

Katika kazi ya kukuza istilahi, mara nyingi tunashughulika na maneno ya sayansi, sheria na uchumi, tukidhani kwamba humo ndimo mlimo hatari kubwa ya kupotosha maana. Habari za safari huonekana kuwa jambo jepesi: urefu wa mlima, jina la kabila, umbali wa mji, saa ya kuondoka kwa basi. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba msomaji wa habari za nchi ya kigeni hana kipimo cha kuzipimia. Hajapata kufika huko, wala hana jirani wa kumwuliza. Anachoambiwa ndicho anachokishika, na akishakishika hukipeleka kwa wengine. Kwa sababu hiyo kosa la neno katika habari za safari huishi muda mrefu kuliko kosa lililo katika habari za nyumbani, ambazo wasomaji wenyewe huwahi kuzisahihisha.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza makosa hayo hutokana na nini, na kupendekeza namna ya kuyaepuka. Mifano yetu imechukuliwa katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara. Tumezichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni sehemu inayoandikwa sana na wageni, kwa ajili ya mlima wake, maziwa yake na wingi wa lugha zake. Pili, yanayoandikwa juu yake katika lugha za nje hurudi kwetu kwa njia ya tafsiri, na magazeti na redio zetu huyatoa mara nyingi kama yalivyokuja. Hivyo Mtanzania wa Mtwara au wa Kigoma huisoma nchi yake mwenyewe kwa macho ya mgeni.

Majina ya watu

Tuanze na majina ya wenyeji, kwa kuwa hapa ndipo kosa linapomgusa mtu mwenyewe.

Wenyeji walio wengi wa Mbulu ni Wairaqw. Jina hili huishia kwa konsonanti inayotamkwa nyuma kabisa ya kinywa pamoja na kuviringa midomo, na konsonanti hiyo haimo katika Kiswahili. Waandishi wetu, kwa kutaka kurahisisha, huandika mara Wairakw, mara Wairaki. Umbo la kwanza halina madhara makubwa. La pili lina madhara, kwa sababu Wairaki ni jina la Kiswahili la watu wa nchi ya Iraki. Msomaji wa mbali akikuta kwamba Wairaki wanalima mahindi na kufuga ng'ombe katika nyanda za juu za Mbulu, ana haki ya kudhani kwamba watu hao walihamia kutoka Baghdad.

Wala dhana hiyo si ya kubuni tu. Husimuliwa, na huandikwa katika vitabu vya wasafiri, kwamba Wairaqw asili yao ni bonde la mito ya Tigrisi na Frati, na ushahidi unaotolewa mara nyingi ni huo mfanano wa majina. Wataalamu wa lugha wanaeleza jambo jingine. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, na ndugu zake wa karibu wako papa hapa Tanzania: Kigorowa cha Babati, Kialagwa na Kiburunge. Jamaa zake wengine ni lugha za Kenya, Ethiopia na Somalia, kama vile Kioromo na Kisomali. Ni kweli kwamba lugha za Kikushi na Kiarabu zimo katika ukoo mmoja mkubwa, yaani ukoo wa Kiafrika na Kiasia. Lakini ujamaa huo ni wa maelfu mengi ya miaka, na hauthibitishi hata kidogo kwamba Wairaqw walitoka Iraki. Anayetaka kutaja masimulizi hayo na ayataje, ila ayaite masimulizi. Na aandike Wairaqw, kwa herufi zake zote. Herufi q si ya Kiswahili, lakini jina la watu ni mali yao, na sahihi ya mtu haifupishwi na mpita njia.

Baadhi ya waandishi hulikwepa tatizo hili kwa kuandika Wambulu. Mbulu ni jina la mahali. Katika Wilaya ya Mbulu wamo Wairaqw, Wadatoga, Wahadzabe na wengineo. Na Wairaqw nao wako pia Hanang, Babati na Karatu. Neno Wambulu lafaa kutumiwa kwa maana ya wakazi wa Mbulu, wa kabila lolote, na si zaidi ya hapo.

Mfano wa pili ni Wadatoga, ambao tawi lao la Wabarabaig ndilo lililo kubwa katika Hanang. Lugha yao ni ya Kiniloti. Hata hivyo katika magazeti, na hata katika vitabu vya watalii, huitwa Mang'ati. Neno hilo ni la Kimaasai, na maana yake ni maadui. Mwandishi anayelitumia, huenda bila kujua, anauliza jina la mtu kwa aliyepigana naye na kuliandika kama alivyoambiwa. Kwa hiyo Wadatoga, au Wabarabaig pale inapokusudiwa tawi hilo peke yake, ndiyo majina yanayostahili.

Mfano wa tatu ni Wahadzabe wa Yaeda Chini na kandokando ya Ziwa Eyasi. Hawa wamepewa majina mengi na majirani na wageni, Watindiga na Wakindiga yakiwamo. Umbo Hadzabe tayari ni la wingi katika lugha yao, kwa hiyo tunaposema Wahadzabe tumeweka wingi juu ya wingi. Umbo hilo limekwisha kuzoeleka na hatuoni sababu ya kulipiga vita. Lililo kubwa zaidi ni maelezo yanayofuatana nalo. Kwa kuwa lugha yao ina vidoko, waandishi wa safari husema kwamba ni ndugu wa Wasan wa Kalahari. Wataalamu hawajaweza kuuthibitisha undugu huo wa lugha, na wengi wao sasa huihesabu Kihadza kuwa lugha pweke, isiyo na jamaa anayejulikana. Kufanana kwa sauti si ujamaa, kama vile watu wawili kuvaa kanzu si dalili ya kuzaliwa nyumba moja.

Majina ya mahali na mipaka

Kosa la pili hutokana na kudhani kwamba jina la mahali halibadiliki. Mkoa wa Manyara ulianzishwa mwaka 2002; kabla ya hapo Mbulu na Hanang zilikuwa katika Mkoa wa Arusha. Kitabu kilichochapishwa mwaka 1995 na kusema kwamba Katesh iko Mkoa wa Arusha kilikuwa sahihi. Makala ya mwaka huu yanayonakili kitabu hicho si sahihi. Vivyo hivyo, maelezo ya zamani ya Wilaya ya Mbulu huingiza Karatu, kwa kuwa zamani Karatu ilikuwa sehemu yake. Hapa mwandishi wa kwanza hakukosea. Aliyekosea ni aliyenakili bila kutazama mwaka.

Tena jina Manyara lenyewe lina maana zaidi ya moja. Kuna Ziwa Manyara, kuna Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara iliyoanzishwa mwaka 1960, na kuna Mkoa wa Manyara. Makao makuu ya mkoa ni Babati. Lango kuu la hifadhi liko Mto wa Mbu, katika Mkoa wa Arusha. Msafiri aliyeandikiwa tu kwamba afike Manyara anaweza kushuka mahali palipo mbali sana na mwenyeji wake. Basi inafaa neno Manyara lisiachwe peke yake: liandikwe Ziwa, Hifadhi au Mkoa.

Makosa ya namna hii hayako Manyara tu. Vyombo vya nje vimezoea kuutaja Mji wa Dar es Salaam kuwa mji mkuu wa Tanzania, ingawa uamuzi wa kuhamia Dodoma ulifanywa mwaka 1973, na sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu ya nchi ikapitishwa mwaka 2018. Na katika Ngorongoro lipo bonde ambalo mgeni Mjerumani, Kattwinkel, alilifikia mwaka 1911. Jina lake ni Oldupai, ambalo ni jina la Kimaasai la mkonge wa porini. Yeye alisikia Olduvai, akaandika Olduvai, na dunia nzima ikaandika hivyo. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na kosa la sikio la mtu mmoja bado linafundishwa shuleni.

Vipimo na saa

Wengi huamini kwamba tarakimu haidanganyi. Hanang ni mlima wa nne kwa urefu nchini Tanzania, baada ya Kilimanjaro, Meru na Loolmalasin. Urefu wake huandikwa mita 3,417 katika maandishi fulani na mita 3,420 katika mengine. Tofauti hii ndogo hutokana na upimaji na ukadiriaji, na haina ubaya. Ubaya huanza pale mwandishi anapoichukua mita 3,420 iliyokadiriwa, akaigeuza kuwa futi 11,220, na wa pili akaitoa kana kwamba ni kipimo kamili. Kadirio likigeuzwa katika vipimo vingine hubaki kadirio, na neno kama lazima lifuatane nalo. Yafaa pia kutaja kwamba urefu huo ni kutoka usawa wa bahari. Tambarare iliyouzunguka Hanang yenyewe imekwisha kupanda zaidi ya mita 1,500, kwa hiyo anayeupanda mlima hapandi mita zote hizo kwa miguu yake.

Umbali nao una shida yake. Baadhi ya taarifa za nje zilizotolewa mwaka 2023 zilisema kwamba Katesh iko kilomita 300 kaskazini ya Dodoma. Kwa mstari ulionyooka, kutoka Dodoma hadi Katesh ni pungufu ya kilomita 200. Kwa barabara ni zaidi ya 300. Taarifa ile ilichukua umbali wa barabara ikaufunga kwenye upande wa dira, na msomaji mwenye ramani na rula angeipeleka Katesh mbali sana kuliko iliko. Twapendekeza maneno mawili yatenganishwe daima: umbali wa barabara na umbali wa mstari.

Kuhusu saa, kosa ni letu wenyewe. Miaka michache iliyopita tuliletewa tafsiri ya kijitabu cha wasafiri ili tuikague. Katika lugha ya asili basi liliondoka saa tatu asubuhi kwa hesabu yetu. Mfasiri aliikuta tarakimu 9, akaandika saa 9 asubuhi. Kwa Mswahili saa tisa asubuhi haipo. Labda ni saa tisa usiku, kabla ya jogoo kuwika, labda ni saa tisa alasiri. Abiria mwenye busara angefika kituoni mara mbili na kulikosa basi mara zote mbili. Kanuni ni nyepesi: saa hutafsiriwa kama linavyotafsiriwa neno, tarakimu hainakiliwi.

Nchi inayoitwa tupu

Kuna neno jingine ambalo wasafiri hulipenda, nalo ni lile linaloeleza nchi kuwa tupu, haina mtu, haijaguswa. Katika Kiswahili hutafsiriwa kwa neno pori. Mgeni akipita tambarare za Hanang wakati ambapo mifugo imehamishiwa kwingine, haoni boma wala ng'ombe, huandika pori. Lakini Wabarabaig hufuga kwa kuzungusha mifugo yao kati ya malisho mbalimbali kulingana na mvua na majani. Malisho yaliyopumzishwa si pori, kama vile shamba lililovunwa si jangwa.

Jambo hili si la maneno matupu. Katika miaka ya 1970 na 1980 mashamba makubwa ya ngano yalianzishwa katika eneo la Basotu chini ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, kwa msaada wa Kanada. Wabarabaig walipoteza malisho yao yaliyo bora, na Kijiji cha Mulbadaw kikafungua kesi mahakamani dhidi ya shirika hilo. Hatusemi kwamba neno moja lilisababisha hayo yote. Tunachosema ni kwamba nchi ikishazoeleka kuitwa pori, anayeidai huonekana kama mtu aliyezuka jana. Kwa upande wa pili, mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipewa hati ya hakimiliki ya kimila kwa ardhi yao. Ardhi hiyo nayo wasafiri waliiandika kuwa pori, na sasa hati inataja wenyewe. Basi inafaa mwandishi atofautishe pori, malisho, mawindo na hifadhi. Na kama hajui, aulize kwanza nani hutumia nchi ile, na kwa majira gani.

Mafuriko au maporomoko?

Tumeliacha la mwisho lililo zito kuliko yote. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe na magogo viliteremka hadi vijijini na katika mji wa Katesh. Katika siku mbili za mwanzo ilitajwa idadi ya vifo 47. Siku zilizofuata idadi hiyo ilipanda, na mwishowe ikazidi 80. Kijiji cha Jorodom kilikuwa miongoni mwa vilivyoumia sana.

Taarifa za siku zile zilitumia maneno manne kana kwamba ni neno moja: mafuriko, maporomoko, maporomoko ya udongo na maporomoko ya tope. Zaidi ya hayo, kwa kuwa vitabu vya wasafiri huueleza Hanang kuwa volkeno, watu waliuliza kama mlima umelipuka. Serikali ililazimika kueleza, kwa ushahidi wa wataalamu, kwamba hapakuwa na mlipuko wa volkeno, bali miamba dhaifu ilinyonya maji ikamomonyoka.

Tofauti ya maneno hayo ni tofauti ya hatua za kuchukua. Katika mafuriko, maji hupanda na mtu hukimbilia mwinuko. Tope linaloteremka mlimani hufuata mikondo na mabonde kwa nguvu, na mtu hutakiwa kutoka kando ya njia yake. Ndugu aliye mbali, akiambiwa mafuriko, husubiri maji yapungue ndipo aende kutafuta watu wake. Akiambiwa tope, hujua kwamba wanatakiwa wachimbaji.

Kisha kuna utata mwingine ambao ni wa Kiswahili chetu. Neno maporomoko limezoeleka kwa maana ya mto unaoanguka kutoka juu, kama Maporomoko ya Victoria, na mahali pa namna hiyo watalii huenda kupumzika. Msomaji wa kesho akikuta maandishi yanayotaja Maporomoko ya Hanang bila maelezo zaidi, anaweza kudhani ni mahali pa kutembelea na kupiga picha. Na njia mojawapo ya kuupanda mlima huo inajulikana katika vitabu vya wasafiri kwa jina la Jorodom. Kitabu kinachoitaja njia hiyo bila kutaja mwaka 2023 hakijasema uongo wowote. Kimeacha tu kusema jambo ambalo kila mwenyeji wa Katesh hawezi kulisahau.

Kwa hiyo twapendekeza maneno yafuatayo yatumiwe kwa maana zilizowekewa mipaka:

Mafuriko: maji kujaa na kuenea juu ya nchi kavu.
Poromoko la ardhi: udongo au mwamba kumeguka na kuteremka.
Poromoko la tope: udongo uliochanganyika na maji kuteremka kwa kutiririka, pamoja na mawe na miti.
Maporomoko ya maji: mto kuanguka kutoka mahali pa juu.
Volkeno hai: inayolipuka au iliyolipuka karibuni, kama Oldoinyo Lengai.
Volkeno iliyolala: iliyotulia, lakini inaweza kuamka.
Volkeno mfu: isiyotazamiwa kulipuka tena.

Umoja, poromoko, tumeuchagua kwa makusudi ili uwe mbali na maporomoko ya maji.

Hitimisho

Kutokana na mifano hii twaona kwamba makosa mengi ya habari za safari hayatokani na uongo. Hutokana na jina lililochukuliwa kwa jirani, mwaka usiotajwa, tarakimu iliyonakiliwa bila kutafsiriwa, na neno moja lililobebeshwa maana mbili. Haya yote yako katika uwezo wa mwandishi na mfasiri. Twapendekeza mambo manne:

(a) Jina la watu liwe lile wanalojiita wenyewe.
(b) Kila habari ya mkoa, wilaya au barabara itajwe pamoja na mwaka wake.
(c) Vipimo na saa vitafsiriwe, na kadirio liitwe kadirio.
(d) Pale panapotokea maafa, dhana ipewe neno moja tangu taarifa ya kwanza, na neno hilo lisibadilishwe ila kwa sababu ya ujuzi mpya.

Mwisho, istilahi za tope na milima haziwezi kukamilishwa ofisini. Wairaqw, Wadatoga na Wahadzabe wameishi na mlima huo na mabonde hayo muda mrefu kabla yetu, na bila shaka lugha zao zina maneno ya kutenganisha tope na tope. Twawaomba wasomaji walioko Mbulu na Hanang watuletee maneno hayo, pamoja na maelezo ya matumizi yake, ili yafikiriwe wakati wa kusanifu. Na palipo na kosa katika makala haya, twawaomba wasichelewe kutusahihisha.